Wessel Hendrik Oonk, Aliyejaribu Kila Fundo Kabla ya Kuliandika

Ndugu, majirani, nanyi wasomaji wa vitabu vyake mliosafiri kutoka mbali: leo Jumatatu, tarehe 17 Februari 2020, tumefika makaburi ya Hesterloo, karibu na Aalten, kumsindikiza Wessel Hendrik Oonk. Haya ndiyo maisha yake kama yalivyokuwa, bila kupakwa rangi. Marehemu hakupenda kusifiwa kwa jambo ambalo hakulifanya, na familia haioni sababu ya kuanza kumsifu hivyo leo.

Wessel alizaliwa tarehe 9 Machi 1954 katika shamba la wazazi wake hapa Hesterloo. Alikuwa mtoto wa pili wa Hendrik Oonk, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, na mkewe Johanna te Brake. Dada yake Aleida alimtangulia kwa miaka mitatu. Kama desturi inavyotaka, wa kwanza kupelekewa habari hakuwa babu wala mchungaji. Alikuwa jirani wa karibu zaidi, mzee Lammerdink, naye ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba kuwaambia wengine. Ujirani wa hapa si wa kuazimana chumvi tu. Jirani wa kwanza huitwa mtoto anapozaliwa, hupamba mlango watu wanapooana, na hubeba jeneza. Hakatai, wala haulizi kwa nini. Wessel alizaliwa ndani ya desturi hiyo, na hakuna mtu wa Hesterloo aliyeitumia zaidi kuliko yeye.

Alisoma shule ya msingi ya kanisa hapa kijijini kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, kisha shule ya ufundi huko Winterswijk, alikopata cheti cha ufundi umeme Juni 1972. Walimu walimjua kama mtoto anayechelewa kujibu, kwa sababu alitaka kuhakikisha kwanza. Alipokuwa na miaka tisa alijifungia ndani ya sanduku la viazi ghalani. Mama yake alimtafuta mpaka chakula cha jioni kikapoa. Alipoinua kifuniko alimkuta amejaa vumbi, kucha zimechubuka.

"Ulikuwa unafanya nini humu?"

"Nilikuwa natoka," akajibu Wessel.

Mwaka 1974 aliajiriwa na kampuni moja ya Arnhem kuwa mkaguzi wa lifti, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2014. Wenzake walimtania kwamba ndiye mkaguzi mwenye magoti mabovu kuliko wote, kwa kuwa hakuwahi kuidhinisha lifti asiyoipanda mwenyewe kwanza, wala breki asiyoijaribu yeye mwenyewe akiwa ndani. Wengine walikagua kwa macho na kwenda kunywa kahawa. Yeye alisema kwamba mtu akiandika kuwa kitu ni salama, ameweka mwili wake rehani kwa ajili ya watu asiowajua. Familia inaamini kwamba alisema kweli, na kwamba maneno hayo hayahusu lifti peke yake.

Mwaka 1983, katika ofisi moja ya Deventer, akiwa juu ya paa la lifti, aliisimamisha katikati ya ghorofa mbili ili ajaribu breki. Siku ile alikuwa amesahau kuangalia kama ndani kuna mtu. Sauti ikatoka ndani ya lifti.

"Wewe uliyeko huko juu! Lifti imekufa au wewe ndiye umekufa?"

"Naijaribu," akasema Wessel. "Kuna mtu humo?"

"Kuna mtu na mkokoteni wa kahawa ya ghorofa nzima."

"Imepoa?"

"Itapoa ukiendelea kuhoji."

Mtu huyo alikuwa Tjeerd Rinsma, kijana wa Leeuwarden, mhudumu wa kantini ya ofisi hiyo. Wessel alimtoa kwa mkono, akakiandika kisa kile katika taarifa yake kama kosa lake mwenyewe la kikazi, kisha akarudi Deventer wiki iliyofuata ingawa hapakuwa na lifti ya kukagua. Mwaka 1985 walihamia pamoja katika nyumba ya shamba ya Oonk. Hawakumdanganya mtu kwamba Tjeerd ni mpangaji. Walikaa kanisani benchi moja. Waliotaka kusema walisema, wakachoka.

Miaka ile ilikuwa ya mazishi. Rafiki zao wa Amsterdam na Arnhem, vijana, walikuwa wakifa mmoja baada ya mwingine kwa ugonjwa ambao magazeti yaliuandika kana kwamba ni hukumu. Jumapili moja Tjeerd alikuwa amelala kwenye kochi akisoma riwaya ya wanaume wawili wanaopendana. Akaitupa ukutani.

"Amekufa tena."

"Nani?" akauliza Wessel.

"Wetu. Wetu hufa kila mara, mzee. Ukurasa wa mwisho, mmoja kaburini na mwingine dirishani anatazama mvua. Watu wakimaliza wanafuta machozi, wanajiona wema."

Wessel akaiokota ile riwaya, akaitazama mgongoni kama anayetafuta tarehe ya ukaguzi.

"Basi mimi nitaandika riwaya ambamo hafi."

"Wewe? Wewe kadi ya siku ya kuzaliwa hujui kuiandika!"

"Kuandika sijui," akasema Wessel. "Ila najua kuwatoa watu walionaswa."

Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1988, chenye jina lake kamili kwenye jalada. Mchapishaji alimshauri atumie jina la kubuni. Alikataa. Mtu anayeona aibu kutia jina lake kwenye kazi yake aiache kazi hiyo, au aiache aibu. Kwa jumla aliandika vitabu kumi na kimoja, vyote juu ya watu wawili: Joris, mpiga mbizi anayeinua meli zilizozama, na Matthis, ofisa wa forodha asiyekula rushwa. Walifukuzwa na wauza silaha toka Rotterdam hadi mlango wa mto Danube. Walining'inia kwenye madaraja, walifungiwa kwenye majokofu ya samaki, waligombana kwa wivu katikati ya risasi. Na kila kitabu, toka cha kwanza hadi cha kumi, kiliishia mezani asubuhi: mkate, mayai ya kukaanga, kahawa, wote wawili hai, mmoja akilalamika kwamba mwenzake ameunguza mayai. Hiyo ndiyo iliyokuwa ahadi. Wasomi wa mjini waliicheka. Walisema hadithi ya hatari ambayo mwisho wake unajulikana ni chakula cha watoto. Hawakuelewa, na pengine hawakuwahi kuhitaji kuelewa.

Jirani yetu Dinie Lammerdink alielewa. Alinunua kitabu cha nne katika duka la Aalten, ambako enzi zile vilifungwa karatasi ya kaki na kuwekwa chini ya kaunta, akakisoma kwenye chumba cha kukamulia maziwa. Jioni akavuka njia.

"We Wessel! Kitabu chako kimeniponza. Ndama hawajanywa mpaka sasa."

"Lakini Dinie, umesoma vitatu. Si unajua watatoka?"

"Najua! Ningekuwa sijui, ningesoma? Hofu ya bure ninayo nyumbani. Nina mume anayepanda paa la zizi na viatu vya mbao."

"Na yale mambo yao wawili hayakukukera?"

"Yapi, ya kubusiana? Hayo nayaruka."

"Haruki," akasema mumewe Gait nyuma yake. "Hurudia."

Lililofanya vitabu vile viaminiwe ni jinsi vilivyotengenezwa. Marehemu hakumtoa mtu yeyote kwenye mtego kwa njia ambayo yeye mwenyewe hakuipita. Joris alipofungwa kwa kamba, Wessel alifungwa kwanza. Joris alipofungiwa kwenye pipa, Wessel aliingia kwenye pipa. Na aliyemfunga alikuwa Gait, mwana wa yule mzee Lammerdink, kwa sababu jirani wa kwanza hakatai wala haulizi kwa nini. Mwaka 1994 Gait alimfunga kwenye kiti cha jikoni kwa fundo alilofundishwa jeshini, kisha akaitwa zizini kwa ng'ombe aliyekuwa akizaa, akamsahau. Mchungaji wa wakati huo alipita kuomba mchango wa paa la kanisa. Mlango ulikuwa wazi.

"Bwana Oonk! Niite polisi?"

"Hapana, Mchungaji. Karibu ukae. Nipo kazini."

Mchungaji akakaa. Wakazungumza juu ya paa, mbao na mafundi wa siku hizi, Wessel akijipinda na kutoa jasho. Fundo lilipolegea alisimama, akampa mgeni mkono, akamwambia, "Sasa naweza kuingiza mkono mfukoni." Kitabu cha mwaka uliofuata kina ukurasa huo karibu kama ulivyotokea, isipokuwa mchungaji amegeuzwa muuaji wa kukodiwa. Mchungaji alikisoma. Alilalamikia bunduki, si kitu kingine.

Sheria ilipobadilika, Wessel na Tjeerd walifunga ndoa Ijumaa tarehe 22 Juni 2001 katika ukumbi wa manispaa ya Aalten. Siku moja kabla, majirani walikuja na matawi ya msonobari na maua ya karatasi kutengeneza tao la mlangoni, kama wanavyomfanyia kila mtu anayeoa. Gait alisimama uani na ngazi begani.

"Mnanitia matatani. Tao huwekwa kwa bibi harusi. Nalipeleka mlango gani?"

"Mlango wa jikoni," Tjeerd akamwambia. "Anayepika ni mimi."

Kaya moja haikufika. Inajijua. Leo ipo hapa, na imekaribishwa.

Sasa tunafika mahali pagumu, na marehemu asingetaka parukwe.

Mwaka 2018 mchapishaji alimwomba kitabu cha kumi na moja kigawanywe sehemu mbili, ya kwanza iishie katikati ya hatari ili watu waingoje ya pili. Wessel hakuwahi kufanya hivyo. Kila kitabu kilikuwa kimefika mezani. Lakini kisa kilikuwa kirefu, naye alikubali, akiamini kwamba majira ya baridi angejaribu mtego na kuandika sehemu ya kutokea. Baadaye aliliita kosa, na lilikuwa kosa. Ahadi haikatwi vipande viwili.

Kitabu kilitoka Septemba. Katika ukurasa wake wa mwisho tishali la mizigo limezama mto Rhine. Joris yumo kwenye chumba cha mashine, mikono imefungwa kwa kamba nyuma yake kwenye bomba, maji yamemfika kidevuni. Matthis amepiga mbizi hadi kwenye mfuniko wa chuma, amekanyaga, amevuta, haufunguki. Pembeni pana tundu la hewa. Mtu anaweza kujipenyeza kuingia. Kumtoa mwenzake humo haiwezekani. Hapo kitabu kimekwisha.

Mwezi wa Oktoba Gait alikuja na kamba kama kawaida. Akamfunga Wessel mikono kwenye bomba la maji zizini, akarudi nyuma, akawasha sigara. Wessel akaanza. Hilo lilikuwa fundo alilowahi kulishinda mara nyingi. Sigara ikaisha.

"Umefunga kama unafunga fahali, bwana wee!"

"Nimefunga kama siku zote."

"Fungua, ufunge tena."

Gait akafunga tena, mara hii kwa kulegeza kidogo, akijifanya hakulegeza. Vidole vya Wessel vilitambaa juu ya kamba na havikuishika. Gait alitazama vile vidole, kisha akatazama pembeni. Akamfungua, akaikunja kamba.

Hivyo ndivyo ugonjwa ulivyojulikana. Januari 17, 2019, daktari wa mishipa ya fahamu alieleza kwamba neva zinazoamrisha misuli zilikuwa zinakufa, kwamba mikono ingetangulia, kisha miguu, kisha ulimi, mwisho pumzi, na kwamba akili ingebaki nzima hadi mwisho. Dawa ya kuponya haikuwapo. Wessel aliuliza swali moja: "Na njia ya kutokea?" Daktari alikuwa mtu mkweli. Alisema hakuna. Wessel akamshukuru, maana kwa muda mrefu aliwadharau watu wanaosema kitu kipo salama bila kukijaribu.

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Masika alianza kutumia fimbo, kiangazi kiti cha magurudumu. Wasomaji walikuwa wakiuliza kila mahali: Joris ametoka vipi? Mchapishaji alikuja kwa treni na keki, akiwa na nia njema, akapendekeza mwandishi mwingine amalizie.

"Ni kurasa chache tu, Wessel. Matthis anakumbuka ana kisu mfukoni, basi."

Wakati huo ulimi wa Wessel ulikuwa mzito lakini bado unasikika.

"Mfukoni hakuna kisu," akasema. "Niliangalia."

Mchapishaji akala keki yake, akaondoka.

Agosti Wessel hakuweza tena kusema. Alizungumza kwa macho: Tjeerd alishika ubao wa plastiki wenye herufi, akazifuata kwa kidole, na Wessel alipepesa jicho penye herufi aliyoitaka. Ndipo Tjeerd alipopata wazo lake. Wessel hawezi tena kuujaribu mtego, sawa. Lakini kuna mwili mwingine ndani ya nyumba. Tjeerd Rinsma hajui kuogelea, na tangu utotoni anaogopa hata beseni. Akavuka njia, akamwambia Gait anataka kufungwa ndani ya tangi la maji ya mvua.

"Tjeerd, ndugu yangu, wewe unaogopa mvua yenyewe."

"Sijauliza naogopa nini. Jirani hakatai. Ndiyo au siyo?"

Gait hakukataa. Marloes, binti yake ambaye ni muuguzi, alisimama ndani ya tangi na kisu mkononi. Wessel aliwekwa ukingoni, blanketi magotini. Tjeerd aliingia, mikono ikafungwa kwenye bomba, maji yakafunguliwa. Yalipofika kifuani alivuta kamba kwa nguvu zake zote. Yalipofika shingoni alianza kupiga kelele, kisha akanyamaza kwa sababu maji yalikuwa mdomoni. Marloes akakata kamba. Tjeerd akatolewa, akatapika kwenye nyasi.

"Tena," akasema. "Nilikaribia. Gait, lete kamba nyingine."

"Hukukaribia popote, mjinga wewe," akasema Gait, naye analia.

"Nimesema tena!"

Wessel alikuwa akiwatazama. Kichwa hakigeuki, mkono haunyanyuki, hawezi hata kuita. Alichoweza ni kufumba na kufumbua macho haraka haraka, mpaka Marloes alipoona na kuuleta ubao. Alipepesa herufi kwa herufi, ikachukua muda mrefu, Tjeerd akitiririka maji mbele yake. *Sitakuzamisha kwa ajili ya Joris.* Kisha, baada ya kupumzika: *Rudi ndani. Utashikwa na mafua.*

Jaribio halikurudiwa. Familia inalisema hili wazi kwa sababu wapo waliodai kwamba marehemu alijali watu wake wa karatasi kuliko watu wa nyama. Siku ile alichagua, na kuchagua kwenyewe kulimnyang'anya njia ya mwisho aliyokuwa nayo.

Novemba alikuja mgeni kutoka Ghent, Bwana Anton Verschuere, dereva wa tramu mstaafu, mzee wa miaka themanini, na mfuko wa peremende kwa ajili ya mgonjwa asiyeweza kumeza. Alipoambiwa, aliona haya, akazirudisha mfukoni. Alikaa karibu na kiti.

"Bwana Oonk, mimi nilikuwa na mwenzangu, Firmin. Tuliishi pamoja toka ujana wetu. Alipokufa, kwenye tangazo la msiba niliandikwa rafiki wa familia. Nilikaa safu ya tano. Vitabu vyako nilikuwa namsomea kwa sauti hospitali. Alikuwa ananiambia, Anton, soma polepole, hapa pabaya, nataka kuogopa vizuri. Unaelewa? Sisi tuliogopa maisha yote, tena vibaya, hatukujua tutafika wapi. Kwako tulijua tunafika mezani. Kwa hiyo tuliweza kuogopa kama watu."

Macho ya Wessel hayakutoka usoni pake.

"Sina muda mrefu na mimi," akasema Anton. "Nimekuja kuomba kitu cha kijinga. Niambie ametoka. Usinieleze vipi. Hata kama huna hakika. Nidanganye, bwana. Mimi mzee, sitamwambia mtu."

Tjeerd akanyanyua ubao. Kidole kikaenda juu ya herufi. Ingekuwa herufi chache tu, na mzee yule angerudi kwao amefurahi, na nani angemlaumu mgonjwa? Tjeerd mwenyewe alikuwa akiomba moyoni yawe hayo. Wessel akapepesa. *Sijui.* Akapumzika. *Nimejaribu. Samahani.*

Anton Verschuere aliinamisha kichwa. Hakugomba. Alivuta kiti chake, akauchukua mkono wa Wessel uliokuwa umelala juu ya blanketi kama glavu, akaushika.

"Basi nikae kidogo," akasema. "Treni yangu bado."

Akakaa. Kahawa ililetwa, ikapoa. Giza lilianza kuingia, na mzee alipoondoka uso wa Wessel ulikuwa umelowa, kwa sababu hakuweza kujifuta.

Wiki chache baada ya Mwaka Mpya, asubuhi, Tjeerd akikaanga mayai, Wessel aliita kwa macho. Alitaka ubao, na alitaka kuandika kitabu. Ilichukua asubuhi yote. Mayai yaliungua. Ukurasa wenyewe ni huu, na mchapishaji ameahidi kuuchapa ulivyo: *Matthis hakuweza kuufungua mfuniko. Akaingia kupitia tundu la hewa. Akampapasa Joris gizani mpaka akaipata mikono yake nyuma ya bomba, akaishika. Hakuweza kuifungua. Hakuiachia.*

Tjeerd alingoja.

"Halafu?"

*Hapo ndipo nilipofika,* Wessel akasema. *Hili nimelijaribu.*

"Lakini watatoka, mpenzi? Niambie mimi peke yangu."

Wessel alimtazama mumewe kwa muda mrefu. Kidole cha Tjeerd kilipita juu ya herufi zote, mara mbili, na jicho halikupepesa.

Wessel Hendrik Oonk alifariki nyumbani kwake Jumanne tarehe 11 Februari 2020, asubuhi, pumzi ikiwa imemwishia taratibu. Tjeerd alikuwa amemshika mkono. Tjeerd amesema alitafuta kitu cha kufanya, chochote, na hapakuwa na kitu. Aliendelea kuushika. Jirani wa kwanza kuambiwa alikuwa Gait Lammerdink, aliyezunguka nyumba kwa nyumba kama baba yake alivyozunguka mwaka 1954.

Majirani ndio watakaobeba jeneza leo. Gait ameomba jambo moja, na familia imekubali: kamba za kumshushia zisifungwe fundo lolote. Zitashikwa kwa mikono mitupu, na atakayechoka apokewe na aliye nyuma yake. Baada ya maziko hakutakuwa na keki ya kawaida ya misibani. Dinie Lammerdink na wenzake wametandika meza katika ukumbi wa kanisa, mkate, mayai ya kukaanga na kahawa, na kila mmoja wenu ana kiti. Asifikiri mtu kwamba kwa kufanya hivyo tunadai kujua mwisho. Hatuujui. Tumeweka meza tu, kwa sababu ilikuwa imeahidiwa.

Marehemu ameacha mume wake, Tjeerd Rinsma. Dada yake, Aleida Wissink-Oonk, na shemeji yake Bernard. Wapwa zake, Hanneke na Jorrit, na watoto wao. Majirani zake, Gait, Dinie na Marloes Lammerdink. Wasomaji ambao hakuwajua kwa majina, akiwemo Bwana Anton Verschuere, ambaye leo amekaa safu ya kwanza. Na wanaume wawili gizani chini ya maji ya mto Rhine, mmoja akiwa ameishika mikono ya mwenzake.

Wessel, umefunguliwa. Pumzika.